Sura ya Sita: Kuuliza Pasipo Kumjua Aliyejibu

Katika kila mahali panapokutana watu wengi kwa kazi moja, pawe bandarini, hospitalini au chuoni, kuna habari za namna mbili: habari ziandikwazo katika kumbukumbu za vikao, zikatiwa sahihi na kupigwa muhuri, na habari zisemwazo njiani watu watokapo kazini, wakiwa wawili au watatu, sauti zikiwa chini. Mwenye kuongoza aghalabu huzipata za kwanza tu, na kwa kuwa huzipata kila siku, hudhani kuwa ndizo zote. Ilhali za pili ndizo zinazoamua kama mhadhiri hodari atabaki au atatafuta chuo kingine, kama karani atafanya kazi yake kwa moyo au kwa kuhesabu saa, na kama mwanamke aliyefanyiwa utovu wa adabu na mkubwa wake atalalamika au atanyamaza. Uchunguzi wa hali ya kazini, ambao ndio maudhui ya sura hii, ni jitihada ya kuzifikisha mezani habari za njiani bila kumfikisha pamoja nazo yule aliyezisema.

Nimechagua kuitazama jitihada hiyo kutoka Garissa, mji uliokaa ukingoni mwa mto Tana, kwa kuwa mambo yanayojificha mahali pengine, pale huonekana bayana. Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho ndicho cha kwanza cha umma katika eneo la Kaskazini Mashariki, kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha ualimu. Tarehe 2 Aprili 2015 kilishambuliwa alfajiri na wanamgambo wa Al-Shabaab, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Kikafungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Watumishi wa taasisi za mji huo hukaa katika mitaa kama Galbet, Waberi na Iftin, ambako jirani hujua jirani yake amepokea mgeni gani na ametoka saa ngapi. Na miongoni mwao wamo wenyeji ambao nasaba zao zinajulikana hadi kwa babu wa tano, na wamo waliovuka daraja la Tana kutoka bara na pwani, ambao uchache wao wenyewe huwafanya wajulikane. Yasemwayo hapa si masimulizi ya mambo yaliyopita ndani ya kuta za chuo hicho. Ni mazingatio ya namna kazi hii ipasavyo kufanywa mahali ambapo kuondoa jina katika karatasi si kumwondoa mtu.

Dai langu ni moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake. Siri ya uchunguzi, ikiwa ni ahadi tupu, hutegemea wema wa mwenye kuahidi, na wema wa mtu hubadilika akibanwa na mkubwa wake, akitamanishwa cheo, au akigombana na rafiki yake. Lakini habari ambayo haikuandikwa popote haiwezi kutolewa hata na aliye mwovu kuliko wote. Kwa hiyo kazi ya mwenye kuuliza huanza kwa kujinyima: ajinyime kujua asichohitaji kukijua, na apange mambo yake hivi kwamba, hata akitaka kesho kumsaliti aliyemwamini, asiwe na cha kumsaliti nacho.

Wazo la kuwauliza wafanyakazi kwa wingi si la jana. Katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, ambako majaribio yalifanywa kati ya mwaka 1924 na 1932, wenye kampuni walituma wahoji wazungumze na wafanyakazi, na kufikia 1930 wahoji hao walikuwa wamekwisha kuwasikiliza watu zaidi ya 20,000. Mwanzo walikwenda na maswali yaliyopangwa; wakaona kwamba mfanyakazi hulijibu swali aliloulizwa kwa neno moja, kisha hurejea kwenye lile linalomuuma; basi wakaiacha orodha, wakamwacha mtu aseme, wao wakanyamaza. Mwaka 1932 Rensis Likert alitoa kipimo kitumikacho hadi leo, ambacho humpa mwulizwa kauli moja na ngazi za kuikubali au kuikataa. Na mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya vikundi vya wavulana, wakaonyesha kwamba watoto wale wale walibadilika walipobadilishiwa namna ya kuongozwa, wakawa wakali au wapole, wavivu au wenye bidii. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mkubwa mwenye insafu kusema kwamba ubaya wa hali ya kazini ni tabia mbaya za wafanyakazi tu.

Nchini Kenya jambo hili liliingia ofisini kwa mlango wa serikali. Mashirika ya umma yalipoanza mwaka 2004 kutia sahihi mikataba ya utendaji, kupima kuridhika kwa wafanyakazi kulikuja kuwa miongoni mwa mambo yanayohesabiwa katika mikataba hiyo. Faida yake ni kwamba hata mkubwa asiyependa kuuliza hulazimika kuuliza. Hasara yake ni kwamba anayelazimishwa kuuliza hutosheka na kuuliza. Hojaji ikigawiwa mwezi wa Juni, mwaka wa fedha ukiwa ukingoni, ikakusanywa na katibu wa idara kwa mkono, ikajumlishwa na kuwekwa kabatini, alama hupatikana na hali ya kazi hubaki kama ilivyokuwa. Na mfanyakazi aliyeiona hojaji ya namna hiyo mara mbili huwa amekwisha kuujua mchezo wake kabla hajaletewa ya tatu.

Fauka ya hayo, Kaskazini Mashariki ina sababu zake za kuiogopa karatasi. Eneo hilo lilitawaliwa kwa sheria za dharura tangu mwisho wa 1963 hadi zilipofutwa 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa wafike mbele ya kamati za uchunguzi wathibitishe uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi, ambayo raia wengine wa nchi hiyo hiyo hawakutakiwa kuwa nayo. Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia katika madaftari ya wakimbizi wa Dadaab, mara nyingi kwa kuwa njaa iliwapeleka wazazi wao kutafuta mgao wa chakula, wamekaa miaka mingi bila vitambulisho. Na Agosti 2010 serikali ilitangaza kufuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, Lagdera ikiwa mojawapo. Mtu aliyeyapitia hayo, au aliyesimuliwa na wazazi wake, akiletewa fomu yenye namba ndogo pembeni, hata ikiwa namba hiyo ni ya mpiga chapa tu, haulizi ni ya nini; humjibu mwenye fomu yale anayodhani kwamba anataka kuyasikia.

Na Wakenya kwa jumla wanalo somo lao la pamoja. Katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU wa mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au mawakala wao, kila mtu akaonwa na chifu, na mwajiri wake na jirani yake, amesimama nyuma ya nani. Na palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Watu walijifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba asiye na faragha hana rai, na kwamba rai haina faida mbele ya mhesabu asiye na haki. Uchunguzi wa chuoni huhitaji yote mawili, faragha wakati wa kujibu na uwazi wakati wa kuhesabu, na mara nyingi wenye kuufanya huyageuza, wakawa wawazi juu ya waliojibu na wasiri juu ya majibu.

Basi tuingie katika kazi yenyewe. Siri huhifadhiwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, mwenye kuuliza anamjua aliyejibu, naye analihifadhi jina lake kama amana. Njia hii hufaa panapotakiwa kumfuata mtu yule yule mwaka hadi mwaka, na si mbaya maadamu imesemwa wazi. Katika ya pili, hapana ajuaye, si mwenye kuuliza, si mwenye kuhesabu, si mwenye kulipa gharama. Taabu huja pale mtu anapoahidi ya pili akafanya ya kwanza. Mathalani, wafanyakazi huambiwa kwamba fomu haina jina, nao wakaamini. Baada ya wiki mbili ujumbe wa kukumbusha ukapelekwa kwa wale tu ambao hawajajibu. Hapana haja ya mtu kuwa mtaalamu wa tarakilishi ili kung'amua kwamba anayejua nani hajajibu anajua pia nani amejibu, na habari hiyo hufika Galbet kabla ya jua kutua. Mwenye hekima hukumbusha wote au hamkumbushi yeyote.

Kadhalika fomu za mtandaoni, ambazo siku hizi hupendwa kwa wepesi wake, zina macho mengi kuliko zinavyoonyesha. Zinaweza kuhifadhi anwani ya barua pepe ikiwa mtengenezaji amechagua hivyo, na kila jibu huja na tarehe na saa yake. Katika idara ya ulinzi, ambako zamu zimeandikwa ubaoni, jibu lililoingia saa tisa za usiku halihitaji jina: lango lilikuwa na watu wawili usiku ule, na mmoja wao hana simu iwezayo kufungua fomu. Kwa hiyo saa na tarehe zifutwe kabla mtu yeyote hajayasoma majibu, anwani zisikusanywe asilani, na kiungo cha fomu kiwe kimoja kwa wote. Na palipo na shaka, karatasi na sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa chama cha wafanyakazi na mwingine kwa mtafiti kutoka nje, hushinda programu yoyote kwa kuaminika, kwa sababu mtu hulielewa kwa kuliona.

Hata hivyo majibu yasiyo na jina wala saa yanaweza kumtaja mwenyewe kwa sifa zake. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba takriban asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kupambanuliwa mmoja mmoja kwa mambo matatu tu: msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa, na kuwa mwanamume au mwanamke. Ikiwa nchi ya mamilioni haimfichi mtu, sembuse idara ya watu 11. Tuseme katika idara hiyo wanawake ni watatu, na kati yao aliyefanya kazi zaidi ya miaka mitano ni mmoja; ripoti ikiandika kwamba wanawake wa idara hiyo wenye zaidi ya miaka mitano kazini hawaridhiki kabisa na mkuu wao, imefanya nini isipokuwa kulitaja jina lake kwa maneno mengi? Ndiyo maana wenye ujuzi huweka kiwango, wengine watu 5 na walio waangalifu zaidi 10, na kundi lisilofikia idadi hiyo halitolewi hesabu yake peke yake.

Wala kiwango hicho hakitoshi, kwa kuwa aliyefichwa anaweza kupatikana kwa kutoa. Kitivo kina idara nne, na ripoti inasema kwamba wasioridhika katika kitivo kizima ni 13. Idara tatu zimetajwa, zina 5, 4 na 1. Ya nne, yenye watu wanne, imewekewa mstari kwa kuwa ni ndogo. Mkuu wa idara ile ya nne huchukua kalamu, akajumlisha 10, akaitoa katika 13, akapata 3, na tangu asubuhi hiyo huwatazama watu wake wanne akijiuliza ni yupi mmoja anayempenda. Dawa yake ni kuficha idara mbili badala ya moja, au kuziunganisha ndogo, au kutotaja jumla ya kitivo. Na dawa iliyo bora kuliko zote ni kutouliza umri, cheo, miaka ya kazi na idara pamoja, ikiwa hapana uamuzi wowote utakaofanywa kwa kuyajua yote.

Zipo pia nafasi za mwisho wa hojaji, ambapo mtu huachiwa aandike apendavyo. Hapo ndipo panapotoka maneno yenye thamani kuu, na hapo ndipo watu hujiponza. Mwandishi hujulikana kwa methali azipendazo, kwa namna anavyoendeleza maneno, kwa kisa ambacho alikuwa nacho yeye na mkuu wake faraghani. Tena hujulikana kwa lugha yenyewe, kwani maoni yaliyoandikwa kwa Kisomali kutoka idara ambayo wajuao Kisomali ni wawili, au kwa Kiswahili cha Lamu kutoka idara yenye Mlamu mmoja, yana sahihi chini yake ingawa haionekani. Maoni hayo yasichapishwe kama yalivyo. Msomaji mmoja aliyeaminiwa ayasome, ayapange kwa mambo yake, ayaseme upya kwa maneno yake katika lugha moja, na asili zichomwe kwa tarehe iliyotangazwa mwanzoni, mbele ya mashahidi.

Juu ya nasaba na dini, neno ni fupi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na kwa hiyo wapo watakaosema kwamba hojaji haina budi kuuliza kabila. Lakini hesabu hiyo iko tayari katika majalada ya ajira, nayo ipatikane huko. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka asili ya mtu, imani yake, afya yake na habari za ndoa na jamaa zake katika fungu la habari nyeti, zinazotaka hifadhi ya pekee. Hojaji ya Garissa ikiuliza kabila, wasio wenyeji watajulikana kwa uchache; ikiuliza ukoo, wenyeji watajulikana wote. Linalofaa kuulizwa ni tendo: kama mtu amepata kunyimwa mafunzo, zamu au cheo kwa sababu ya asili yake. Jibu la swali hilo hufichua dhuluma bila kumwanika aliyedhulumiwa.

Maswali yenyewe yatungwe kwa uangalifu wa mshona kanzu, asiyekata kitambaa kabla ya kupima. Kauli isemayo kwamba mkuu wangu ni mwadilifu na mwenye bidii ni mbili ndani ya moja, na mwenye mkuu mwadilifu mvivu hana pa kuweka alama. Swali liulizalo kama mtu ana furaha kazini humpa nafasi ya kujibu kwa adabu, naye atajibu kwa adabu. Bali ukimwuliza kama katika miezi mitatu iliyopita mkuu wake alimfokea mbele ya wanafunzi, kama mzigo wake wa vipindi ulibadilishwa bila kuambiwa, kama alilipwa posho aliyoahidiwa, hujibu lililotokea. Swali lisilo na tendo huleta majibu yasiyo na kazi.

Yapo mambo ambayo hata katika faragha mtu huyaogopa, kama rushwa na kudhalilishwa kijinsia. Kwa mambo hayo upo ujanja wa halali ambao chimbuko lake ni makala ya Stanley Warner ya mwaka 1965, na umbo lake jepesi ni hili. Kila mmoja hupewa sarafu ya shilingi kumi, yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, akairusha peke yake mahali asipoonwa. Ikilala simba juu, huandika ndiyo, liwalo na liwe; ikilala nembo, husema kweli. Swali ni kama amewahi kudaiwa hongo ili apate haki yake kazini. Wakijibu watu 200, simba inatarajiwa kuwapata kama 100, nao wataandika ndiyo kwa amri ya sarafu. Zikihesabiwa ndiyo 130, zile 30 zilizozidi ni za watu 100 waliosema kweli, nasi tunajua kwamba takriban watatu katika kila kumi wamedaiwa hongo. Karatasi yoyote ya ndiyo ikishikwa mkononi, hata na Naibu Chansela mwenyewe, haithibitishi neno juu ya mwenyewe, kwa kuwa anaweza kusema ni simba. Bei ya hifadhi hiyo ni kwamba hesabu hutoka kwa kukisia, na katika kundi dogo makisio huyumba mno. Njia hii itumike kwa chuo kizima, si kwa idara moja.

Wala chuo si wahadhiri peke yao. Wapo wapishi, mafundi wa maabara, madereva, wasafishaji na walinzi, na wengi wao ndio wanaojua yale ambayo wahadhiri hawayaoni. Hojaji ya Kiingereza pekee huwatoa nje hawa wote kwa heshima. Hivyo iandikwe pia kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Lakini Kisomali kilipata hati yake rasmi ya Kilatini mwaka 1972 upande wa pili wa mpaka, na wazee wengi wa Garissa wanaokizungumza kwa ufasaha hawakufundishwa kukisoma. Hao wasomewe, na msomaji asiwe wa idara yao, wala jamaa wa mkuu wao, na kwa wanawake awe mwanamke. Tena si lazima msomaji alijue jibu: mlinzi mzee huambiwa, “Mzee wangu, nikisha kusoma swali nitageuka, kokoto hii ni ndiyo na mbegu hii ni hapana, tia mojawapo katika kibuyu cha swali hili na usinionyeshe,” na vibuyu vyote vifunguliwe siku moja, baada ya watu wote kupita. Kura ya namna hii haina wino wala mwandiko, nayo ni siri timilifu.

Lipo jambo moja ambalo Garissa haiwezi kulipita kama vyuo vya miji mingine. Kila hojaji ya hali ya kazini huuliza kama mtu anajiona salama, na mahali palipouawa watu 148 swali hilo lina uzito wake. Mwulizwa anaweza kuwa ndiye aliyejificha siku ile, au aliyempoteza mwanafunzi wake. Asitakiwe kusimulia, na fomu imwonyeshe pa kumpata mshauri nasaha asipoweza kuimaliza. Aidha, majibu ya wafanyakazi juu ya usalama, kama ukuta ulipobomoka, taa zisipowaka, zamu zinapopwaya, ni habari ambazo adui angezinunua. Majibu hayo yatengwe siku ile ile, yapelekwe kwa wenye dhamana ya ulinzi peke yao, yasiingie katika ripoti itakayosambazwa kwa WhatsApp. Nao wafanyakazi wajulishwe kwamba yamepokewa na yapi yamefanyiwa kazi. Uwazi ni fadhila, ila si kila wazi ni la kuachwa wazi.

Na wakati nao una hukumu yake. Ukiuliza mishahara ikiwa imechelewa, au siku za mgomo kama ule wa siku 54 uliofunga vyuo vya umma hadi Machi 2017, kila jibu litakuwa jekundu, na hutajua lipi ni la mshahara na lipi ni la mkuu wa idara. Ukiuliza katika siku za mwisho za Ramadhani, au wiki ya mitihani, watajibu wachache na kwa haraka. Wiki ya tano au ya sita ya muhula, watu wakiwa wamekwisha kutulia, ndiyo bora. Na mlango ufungwe siku iliyotangazwa.

Majibu yakisha kuhesabiwa, ripoti huanza safari yenye hatari kuliko zote. Mkubwa aliyesomewa kwamba watu wake wanamwogopa hushikwa na tamaa ya kujua ni nani aliyesema, na tamaa hiyo huvaa nguo nzuri: hujiita kutaka kumsaidia, kutaka kusuluhisha, kutaka kumwita mezani wazungumze kama ndugu. Kaskazini Mashariki desturi ya maslaha, ambayo kwayo wazee huwakalisha wagomvi na kupatanisha koo, imezima magomvi mengi ambayo mahakama zingeyachelewesha. Lakini katika mambo ya wanawake waliodhalilishwa, maslaha mara nyingi imewapatanisha wanaume na kumwacha mwanamke na jeraha lake. Uchunguzi usigeuzwe kuwa wito wa maslaha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aweke sera ya kuzuia udhalilishaji wa kijinsia na njia ya kupeleka malalamiko. Hojaji ikionyesha kwamba jambo hilo lipo, kinachotakiwa ni kuitengeneza njia hiyo ipitike, na aliyeonewa ataipita kwa hiari yake, kwa wakati wake.

Kwa sababu hiyo data ghafi isikae chuoni hata usiku mmoja. Ikae na mtafiti kutoka nje, ambaye mkataba wake umeandikwa kwamba atakabidhi majedwali na hatakabidhi karatasi. Kamati ya kumsimamia iwe na wajumbe wa vyama, UASU kwa wahadhiri, KUSU na KUDHEIHA kwa watumishi wengine, nao wayaone majedwali siku ile ile anayoyaona Naibu Chansela, isiwe kwamba mmoja amepata wasaa wa kuyapunguza makali. Kisha matokeo yasomwe mbele ya wafanyakazi wote, mabaya pamoja na mazuri, na yatajwe mambo mawili au matatu yatakayorekebishwa, nani atayarekebisha na lini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na chuo kinachofungia ripoti yake kabatini huwafundisha watu wake kwamba kusema ni kujichosha.

Pengine msomaji atauliza kwamba, ikiwa hatumjui aliyejibu, tutajuaje kama alisema kweli. Katika uchunguzi mmoja hatujui kwa yakini, na mtafiti adili hukiri hivyo katika ukurasa wa kwanza wa ripoti yake. Lakini mwaka wa pili hujibu swali hilo. Ikiwa mwaka wa kwanza walijibu watu 90 katika 200, na baada ya hapo hakuna aliyehamishwa kwa sababu isiyoelezeka, hakuna aliyeitwa ofisini kuulizwa alimaanisha nini, na ule mzigo wa vipindi uliolalamikiwa ukapunguzwa kweli, mwaka wa pili watajibu wengi zaidi, na malalamiko yao yataweza kuwa mengi zaidi kuliko ya kwanza, jambo ambalo mkubwa asiyejua atalihuzunikia na mwenye kujua atalishukuru. Wakipungua, hata kama wote waliojibu wamesema mambo ni shwari, basi siri ilivunjika mahali fulani, nayo kamati iache kuwatafuta wasiojibu, ianze kuchunguza utaratibu wake: nani alishika ufunguo, ni jedwali gani lilikuwa na kundi dogo mno, na ni ahadi ipi ya mwaka jana haikutimizwa.